Jiko la Shangazi: Kungumanga Ilinikuta Minnesota

Barua za mwezi huu zimenirudisha jikoni kwa mama, Muheza, ingawa karibu zote zimeandikwa kwenye theluji. Krismasi yangu ya kwanza hapa Minnesota, miaka 21 iliyopita, nilipewa bilauri ya egnogi, kinywaji kizito cha maziwa na mayai, cheupe kinachoelekea manjano. Kabla hakijafika mdomoni, harufu yake ilikwishanifikisha nyumbani. Ilikuwa kungumanga. Mama alikuwa akiinunua kwa wale waliokuja sokoni na viungo kutoka milima ya Amani, pamoja na iliki na mdalasini alizoanika kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Sikuwa nimetegemea kuikuta kwenye nchi ambayo madirisha yanaota barafu kwa ndani.

Tangu siku hiyo, vyakula vya sikukuu za baridi naviona kama ndugu waliolowea ughaibuni. Tangawizi imo kwenye biskuti zao, karafuu imechomekwa kwenye paja la nguruwe, mdalasini imo karibu kwenye kila kitu. Kazi yangu ni kupanga milo katika nyumba ya kulelea wazee, na wengi ninaowapikia wana kisukari au presha. Huko nimeona kwamba kinachomfanya mzee afumbe macho akionja ni kile kiungo na lile joto. Sukari ukiipunguza taratibu, wala haulizi.

Sasa barua zenu.

Shikamoo Shangazi. Mume wangu aligundulika na kisukari mwezi wa nne. Mwaka huu familia yote inakuja kwetu Krismasi, na egnogi hajawahi kuikosa tangu tuhamie hapa. Watoto wanasema nisiilete kabisa nyumbani ili asiitamani. Mwenyewe hasemi kitu, ila juzi dukani nilimkuta amesimama mbele ya friji ya maziwa anaitazama tu. Nifanyeje?
*Mama Watatu, Columbus, Ohio*

Marahaba mwanangu. Mpe pole mwenzio, na wewe pia pole, maana mwezi wa nne si mbali na bado mnajifunza.

Usiiondoe. Mtu mzima akinyimwa kitu mezani kwake atakipata kwa jirani, na kwa jirani hakuna anayempimia. Tena kuna jambo zito zaidi ya sukari hapo: siku ambayo ndugu wote wamekusanyika, yeye peke yake akae na glasi ya maji kama mgonjwa aliyetoka wodini? Hapana. Mpikie ya kwake, kisha wote mnywe hiyohiyo.

Kwanza mwelewe kwa nini ile ya dukani haimfai. Geuza chupa usome. Lebo ya Marekani huhesabu nusu kikombe tu, yaani mililita 120, na nilizosoma mimi nyingi zinaonyesha karibu gramu 20 za sukari kwa hiyo nusu, pamoja na ile ya maziwa yenyewe. Nani anakunywa nusu kikombe? Akijaza kikombe ni gramu 40, sawa na vijiko 10 vya chai. Na mafuta ni mengi, kwa sababu sheria yao inataka kinywaji kinachouzwa kwa jina hilo kiwe na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 6. Maziwa ya kawaida yasiyopunguzwa mafuta yana kama asilimia 3 na robo.

Ya kwangu napika hivi. Lita moja ya maziwa yaliyopunguzwa mafuta, yale ya asilimia 2. Usichukue yasiyo na mafuta kabisa, yatakuwa maji na mzee atajua umemdanganya. Tia kijiti cha mdalasini na iliki nne ulizozipasua, weka motoni mpaka yaanze kutoa moshi pembeni, ila yasichemke. Kwenye bakuli, piga mayai matatu mazima na vijiko vitatu vya mezani vya sukari na kijiko kimoja cha chai cha kornfulawa. Hiyo kornfulawa ndiyo inayochukua nafasi ya malai, na pia inayalinda mayai yasikatike. Mimina maziwa ya moto kwenye mayai kidogokidogo huku mkono mwingine unapiga bila kupumzika. Ukimimina kwa pupa utapata mayai ya kuvuruga. Kisha rudisha yote kwenye sufuria, moto mdogo, koroga kwa mwiko ukigusa chini mpaka uji wake ung'ang'anie mgongo wa mwiko. Ukiwa na kipimajoto cha jikoni, kifike nyuzi 71 za Selsiasi, hapo mayai yameiva na hata mjamzito atakunywa bila hofu. Epua, chuja, tia vanila, funika, weka kwenye friji usiku kucha. Usiku mmoja unaifanya iwe nzito na harufu ikomae.

Kungumanga usiitie jikoni. Ikwangulie juu ya kila glasi mbele ya wageni, hapohapo. Pua ndiyo inayokunywa kwanza, na ukifanya hivyo hakuna atakayeuliza sukari imekwenda wapi. Lakini iwe ni ukwanguo mdogo tu. Kungumanga ikizidi, ikafika kijiko kizima au viwili, ni sumu kwelikweli: moyo unakwenda mbio, mtu anachanganyikiwa, anatapika. Bibi zetu walijua, ndiyo maana waliifungia kwenye kikopo chake juu ya kabati.

Kipimo hicho kinatoa glasi sita ndogo. Kila moja ina karibu gramu 15 za wanga, sukari ya maziwa ikiwemo, ambayo ni kama kipande kimoja cha mkate. Basi siku hiyo aache kipande cha mkate, anywe egnogi yake baada ya kula, polepole. Na apime sukari saa mbili baada ya mlo kama alivyofundishwa, ili ajue mwili wake wenyewe unasemaje. Akiwa anatumia insulini, azungumze na wauguzi wake kabla ya siku yenyewe, maana hesabu ya dozi si yangu mimi kuitoa.

Wageni wanaotaka kutia kileo watie kwenye glasi zao. Sufuria ibaki safi.

Assalaam alaykum Shangazi. Nafanya kazi Oslo. Mwezi wa Disemba kazini kila Ijumaa wanachemsha glogi, mvinyo na viungo, jengo zima linanukia karafuu. Mwenzangu ananiambia kileo kinaishia kwenye moshi, kwa hiyo naweza kunywa. Ni kweli? Na kama si kweli, nipate wapi harufu ile bila hicho kileo?
*Kijana wa Pemba*

Waalaykum salaam. Si kweli, mwanangu, na afadhali umeuliza. Wizara ya Kilimo ya Marekani ina jedwali la jambo hili, nalitumia kazini kwa ajili ya wazee wanaokunywa dawa zisizopatana na kileo. Chakula kilichochemshwa dakika 15 hubaki na asilimia 40 ya kileo alichotia mpishi. Dakika 30, asilimia 35. Saa nzima, bado robo. Hata saa mbili na nusu, asilimia 5 imo. Na glogi haichemshwi hata hizo dakika 15, inapashwa tu, kwa sababu wanaoipika hawataki kileo kitoke. Mengine yanayohusu dini kamuulize mwalimu wako, mimi nimekupa ya jikoni.

Lakini angalia, wewe ni mtoto wa Pemba. Karafuu inayonukia kwenye lile jengo ni urithi wa babu zako. Karne ya 19 Unguja na Pemba ndizo zilizoishibisha dunia karafuu. Sioni sababu ya wewe kusimama mlangoni unanusa.

Nunua choya kavu, lile ua jekundu la rozela. Maduka ya Waarabu na ya Waafrika yanalo. Konzi moja kwenye lita ya maji, karafuu tano, kijiti cha mdalasini, tangawizi mbichi iliyopondwa kiasi cha kidole gumba, na ganda la chungwa ulilolimenya jembamba bila ule weupe wenye uchungu. Chemsha dakika 10, zima, funika dakika 20. Chuja, kisha tia kikombe kimoja cha maji ya tofaa yasiyoongezwa sukari. Rangi yake ni ileile ya mvinyo mwekundu, uchachu upo, ukali wa tangawizi unashuka kifuani. Wanorwe huweka zabibu kavu na lozi zilizomenywa chini ya kikombe, fanya hivyohivyo, ni desturi nzuri na lozi zinashibisha. Peleka chupa ya moto kazini Ijumaa moja. Nakuambia itaisha kabla ya ile ya kwao.

Neno moja juu ya mdalasini, kwa kuwa wengi mnaitumia kila siku mkiamini inashusha sukari. Kuna ile ya gome jembamba, tabaka juu ya tabaka kama karatasi zilizoviringwa, ambayo ni rahisi kuivunja kwa vidole. Hiyo ndiyo aliyoanika mama. Na kuna ile nene, ngumu kama ubao, iliyojikunja mara moja tu, inaitwa kasia, nayo ndiyo inayojaa kwenye maduka ya huku. Kasia ina kumarini nyingi, kitu kinachoweza kuumiza ini kikizidi. Mwaka 2006 taasisi ya serikali ya Ujerumani inayopima madhara ya vyakula ilitoa onyo kuhusu biskuti za Krismasi za mdalasini kwa sababu hiyo, hasa kwa watoto wadogo. Kijiti kimoja kwenye lita ya kinywaji si tatizo. Anayekula vijiko vya unga wake kila asubuhi aache, au anunue ile nyembamba.

Shangazi shikamoo. Nimeoa Mmarekani, tunaishi Houston. Nina presha na ninatumia lisinopril. Mama mkwe wangu ananipenda sana na kila sikukuu ananipakulia mwenyewe: bata mzinga, rojo, na yale maharage machanga yaliyookwa na supu ya uyoga ya kopo. Mwaka jana baada ya sikukuu presha ilipanda nikalazwa siku mbili. Sitaki kumvunja moyo. Nimeona dukani kuna chumvi isiyo na sodiamu, nimpelekee atumie hiyo?
*Mkwe wa Texas*

Marahaba mwanangu. Simama hapohapo kwanza. Hiyo chumvi usiinunue kabla hujaongea na daktari wako. Nyingi ya hizo ni potasiamu kloridi. Lisinopril inaufanya mwili ubakize potasiamu, na ukiongeza nyingine kwa kijiko inaweza kupanda mpaka kuvuruga mapigo ya moyo. Hivyohivyo kwa anayetumia losartani au spironolaktoni, na kwa yeyote mwenye figo dhaifu. Nasisitiza hivi kwa sababu barua yako si ya kwanza.

Sasa turudi kwa mama mkwe. Chakula chenyewe cha maharage na supu ya uyoga kina historia yake: kilibuniwa mwaka 1955 na mama mmoja, Dorcas Reilly, katika jiko la majaribio la kampuni ya Campbell's, mjini Camden, New Jersey, kitengenezwe upesi kwa vitu vilivyomo kabatini. Kwa familia nyingi za huku ni kama pilau kwetu. Huwezi kumwambia mama mwenye nyumba kwamba pilau yake ina kasoro. Unachoweza ni kumpigia simu wiki mbili kabla, wewe mwenyewe, si mke wako, umwambie: mama, mwaka huu naomba maharage niyalete mimi. Mwambie na kilichokupata mwaka jana. Mtu anayekupakulia kwa mkono wake anataka uishi.

Kopo ndilo lenye chumvi, na vitunguu vya kukaanga vya kopo vinaongeza. Fanya bila yote mawili. Kaanga robo kilo ya uyoga uliokatwa kwenye kijiko cha mafuta ya zeituni, moto mkali, mpaka maji yake yakauke na ubadilike rangi. Usiwe na haraka hapa, kwa sababu uyoga uliokauka vizuri ndio unaoleta ule utamu ambao watu wanadhani ni chumvi. Tia kitunguu saumu, vijiko viwili vya mezani vya unga wa ngano, koroga, kisha kikombe kimoja na nusu cha maziwa. Pilipili manga kwa wingi, kungumanga chembe, chumvi nusu kijiko cha chai basi. Kijiko kizima cha chai cha chumvi kina miligramu 2,300 hivi za sodiamu, ambacho ndicho kiwango cha juu cha siku nzima hapa Marekani. Nusu yake ukigawa kwa watu wanane, kila mmoja anapata chini ya miligramu 150. Maharage mabichi yachemshe dakika tano yabaki na ukijani, changanya, mimina kwenye trei. Juu yake weka vitunguu maji ulivyokata pete nyembamba, ukavichanganya na kijiko cha mafuta na chenga za mkate, ukavioka peke yake kwa nyuzi 220 za Selsiasi dakika 25 mpaka viwe vikavu. Kisha trei yote oveni dakika 20.

Bata mzinga naye mchunguze. Kwenye karatasi yake kuna maandishi madogo kwamba ameongezwa maji ya chumvi kwa asilimia kadhaa. Mwombe mama mkwe achague asiyeongezwa, bei inaweza kuzidi, umchangie. Rojo kula kijiko kimoja. Ngozi achia wengine.

Shangazi, watoto wangu wawili wanarudi shule wameganda, wanataka chokoleti ya moto kila siku. Za pakiti ni nafuu lakini nahisi ni sukari tupu.
*Mama Neema, Edmonton*

Huhisi vibaya. Viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kizito zaidi, na kwenye pakiti nyingi cha kwanza ni sukari. Kakao inafuata nyuma. Nunua kopo la unga wa kakao mtupu, linadumu majira yote ya baridi. Kikombe cha maziwa, kijiko cha mezani cha kakao uliyoikoroga kwanza kwa maji ya moto kidogo isifanye mabonge, kijiko kimoja cha chai cha sukari, iliki. Wiki ya kwanza wape vijiko viwili, watanuna ukianza na kimoja.

Dada Shangazi, kanisani kwetu Reading tunaandaa chai baada ya ibada ya mkesha. Waingereza wanaleta vile vipai vidogo vya zabibu, sisi Watanzania tunaleta maandazi. Nimesoma kwamba maandazi ya kuoka ni salama zaidi kuliko ya kukaanga. Unapendekeza nyuzi ngapi?
*Mwanakwaya*

Sipendekezi. Nimeoka maandazi mara nyingi, kwa maziwa, kwa tui, kwa mtindi, na kila mara nimepata mkate mdogo wenye iliki. Ni mkate mzuri. Si andazi, na mtoto atakayelionja kwa mara ya kwanza Reading atadhani ndiyo hayo tuliyokuwa tukiyasifia.

Kaanga, lakini kaanga kwa adabu. Andazi hunyonya mafuta yakiwa vuguvugu. Yafikishe nyuzi 180, na usijaze sufuria, kwa sababu ukitia kumi kwa pamoja mafuta yanapoa. Kata madogo, nusu ya yale ya mgahawani. Sukari punguza theluthi moja na iliki ongeza mara mbili, uitwange siku hiyohiyo. Yakitoka yasimamishe kwenye karatasi, usiyalaze moja juu ya jingine. Na chai yenu ya tangawizi isiwekwe sukari kwenye birika. Kila mtu ajitilie mwenyewe.

Mwanangu, mimi ni mzee wa miaka 74, naishi Toronto na binti yangu. Nasoma ukurasa wako kila mwezi. Lakini sikukuu ni mara moja kwa mwaka. Mbona hamtuachii hata hiyo siku moja tukala kama watu? Binti yangu amekata hata samli kwenye pilau, nyumba inanuka hospitali.
*Babu, Toronto*

Shikamoo mzee wangu. Umenigusa, kwa sababu mama yangu aliniambia maneno yaleyale kwenye simu mwaka wa mwisho wa uhai wake. Alikuwa na sukari, na mimi, mtaalamu wa milo ng'ambo, nilikuwa nimempigia wiki ya Krismasi kumpangia wali vijiko vingapi. Akasema, "Hiyo siku niachie." Nikabishana naye. Ningekuwa na nafasi nisingebishana.

Basi kuhusu siku yenyewe uko sahihi, na binti yako akisoma hapa naomba asikie. Tarehe 25 pilau ipikwe kwa samli, kwa binzari nyembamba na pilipili manga na mdalasini nzima, kama ulivyoizoea.

Lakini, mzee wangu, kwa huku tuliko siku hiyo imerefuka. Kwenu Kanada maduka yanatoa peremende na keki mara Novemba inapoanza, na sherehe za kazini, za kanisani na za majirani zinafuatana mpaka mwaka mpya. Zinafika kama wiki nane au tisa. Hizo ndizo ninazopigania mimi: biskuti ya Jumanne ambayo hata hukuitaka, glasi uliyoinywa kwa sababu mtu alikushikisha, keki iliyobaki inayomalizwa usiku ukiwa umesimama jikoni. Hivyo huvipendi, mzee wangu, vinapita tu njiani. Mwachie binti yako akupunguzie hivyo, na wewe umwambie waziwazi vile viwili au vitatu usivyokubali viguswe. Andikeni kwenye karatasi, mbandike kwenye friji.

Na mwambie samli aitie mwisho. Apike pilau kwa kijiko kimoja cha mafuta, vitunguu avikaange mpaka viwe rangi ya kahawa iliyokolea, kisha wali ukishakauka amwagie juu kijiko kimoja cha samli ya moto, afunike dakika kumi kwenye oveni, moto juu na chini. Samli iliyotiwa mwisho inanukia nyumba nzima, na ile iliyotiwa mwanzo imezama chini ya sufuria. Nitafanya hivyo kwangu pia, na sahani ya kwanza nitampelekea jirani yangu wa ghorofa ya chini, bibi wa Kinorwe wa miaka 80, aliyenipa ile bilauri ya kwanza.